Sekunde Kumi na Moja za Mwalimu Aliro

Mimi ni mpishi wa shule ya Quilmahue, mji wetu mdogo chini ya milima ya theluji, huu mwaka wa kumi na tisa, na kabla sijakwambia lolote kuhusu Mwalimu Aliro Oyarce, jua kwanza hili: ule uongo niliuanzisha mimi. Wengine waliubeba tu. Nalisema mapema usije ukaniona mtu mwema huko mbele, maana kuna mahali nashika shoka, na watu wakifika hapo hupenda kunisifu na kusahau yaliyobaki.

Aliro alikuwa anafundisha fizikia. Mwembamba, miwani ameifunga uzi, koti moja la kijivu ambalo viwiko vyake nimevishona mwenyewe mara mbili. Mke hana, mtoto hana, alipanga chumba nyuma ya duka la mikate. Alikuwa na mazoea mawili yaliyokuwa yakinichekesha. La kwanza, hawezi kuona mlango uko wazi akauacha. Huku kwetu upepo unashuka moja kwa moja kutoka kwenye theluji, na kila darasa lina jiko lake la kuni, kwa hiyo kila mtu hufunga mlango. Lakini yeye alizidi. Anakula jikoni kwangu, kijiko kiko mdomoni, anainuka kwenda kuufunga mlango ambao mimi nimeuacha wazi moshi utoke. Namwuliza, mwalimu, wewe ulizaliwa ndani ya friji? Anacheka, anaufunga hivyohivyo.

Zoea la pili ni kuhesabu. Ardhi yetu hujitikisa kama kuku anayejikung'uta vumbi, wiki haipiti. Tetemeko dogo halimwondoi mtu kwenye kiti. Tunatazamana, tunabishana lilikuwa na ukubwa gani, mmoja anasema tano, mwingine anasema tano kasorobo, tunaendelea kula. Kukimbia ni mambo ya wageni. Mtu mzima wa hapa akikimbia kitetemeko, atasimuliwa mpaka kwenye harusi ya mjukuu wake. Likija kubwa, kuna mambo mawili kila mtoto anayajua kabla hajajua kuandika jina lake: zima gesi, fungua mlango. Nyumba ikipinda, mlango uliofungwa unakwama kwenye fremu, na wewe uko ndani.

Basi vifuniko vya masufuria yangu vikianza kugongana, Aliro anainua kidole, midomo inacheza. Halafu anasema, ishirini na tano, hilo liko mbali, kilometa mia mbili, kuleni. Na sisi tunakula. Hakuna aliyemwuliza amejuaje, ila wanafunzi wake, na mimi niliyekuwa nachungulia dirishani.

Kila Machi alikuwa anawatoa kidato cha tatu uani, anawapanga mstari, bega kwa bega. Anamsukuma wa kwanza kidogo, wa kwanza anamgonga wa pili, wa pili anamgonga wa tatu, msukumo unakwenda mpaka mwisho wa mstari huku watoto wanacheka. Anawaambia hilo ndilo wimbi la kusukuma, linasukuma upande uleule linakokwenda, na sauti yangu mnayoisikia sasa imewafikia hivyohivyo. Halafu anawashikisha mikono. Anauinua mkono wa wa kwanza na kuushusha, na kule kupanda na kushuka kunatembea mkono kwa mkono mpaka kwa wa mwisho, kama mtu anayekung'uta shuka. Hilo ni wimbi la kuyumbisha, anasema, lenyewe linakwenda mbele lakini ninyi linawapeleka juu na chini. La tatu aliliazimia beseni langu la kuoshea vyombo, awaonyeshe mawimbi ya juu ya maji yanavyochanganya yote mawili na kubingirika. Mwisho anawauliza, haya, nani amehama hapa? Wanamjibu kwa pamoja, hakuna. Anasema ndiyo, wimbi limepita na kila mtu yuko mahali pake. Alikuwa akilisema hilo kwa furaha mpaka masikio yanakuwa mekundu.

Na akawafundisha kwamba ardhi ikivunjika huko chini hutuma la kusukuma na la kuyumbisha kwa wakati mmoja. La kusukuma lina mbio, linafika kwanza, linakugonga nyayo tu. La kuyumbisha linachelewa, na hilo ndilo linaloangusha nyumba. Hesabu sekunde zilizo katikati, zidisha kwa nane, unapata kilometa. Kwa hiyo katika shule nzima, watu wazima na watoto, Aliro ndiye aliyejua kwa hakika kwamba pigo la kwanza ni salamu tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Mei, saa nne na kitu asubuhi. Nilikuwa nakoroga maharage na tambi. Nikasikia ngurumo chini ya sakafu, kisha nyayo zangu zikagongwa kutoka chini, mara moja, kwa nguvu, kifuniko kikaruka. Nikazima gesi. Nikafungua mlango wa jikoni. Na hapo mlangoni, mwiko mkononi, ndipo nilipomwona.

Alitoka darasa la kidato cha tatu B. Peke yake. Akageuka akaufunga mlango nyuma yake, taratibu, kama anavyoifunga milango yote ya dunia. Halafu akakimbia. Aliro sijawahi kumwona akikimbia, magoti yanapanda juu, koti linapepea, akavuka uani mpaka kwenye nguzo ya kengele, akaikumbatia. Ndipo la pili likafika.

Sitaki kulieleza sana. Uwanja ulikwenda na kurudi, ile nguzo ikayumba pamoja na mwanaume aliyeing'ang'ania, na kengele ikaanza kulia. Hakuna mtu aliyevuta kamba. Naapa, kamba ilikuwa inacheza hewani peke yake. Madarasa mengine yalikuwa yamefungua milango kama ilivyo ada, waliposikia kengele walimu wakawatoa watoto, wakatoka wote. Kidato cha tatu B hawakutoka. Ardhi ilipotulia nikasikia wanaugonga mlango kwa ndani, na mmoja analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. Shoka la kuni liko mlangoni kwangu siku zote. Nilikwenda nikaupasua ule mlango, basi. Walikuwa ishirini na sita. Kabati la vifaa lilikuwa limemwangukia Yasna Lepín mkono wa kushoto, na vidole viwili mpaka leo havikunjiki.

Aliro alikuwa bado ameikumbatia nguzo. Nilipomfikia akateleza akakaa chini, na nikaona suruali yake imelowa, na haikuwa mvua. Nikavua aproni yangu nikamtupia mapajani. Hilo nililifanya kabla sijafikiri. La pili nililifanya nimefikiri vizuri tu. Waldo wa redio ya mji alifika na kinasa sauti chake, na Doña Edelmira, mkuu wetu wa shule, anasema kengele imewaokoa watoto mia tatu, nani aliipiga? Nikamtazama yule mtu na aproni yangu yenye madoa ya maharage. Huyu ndiye aliyekuwa akimfundisha binti yangu Pilar jioni miaka miwili bila kudai hata mkate, mpaka Pilar akaingia chuo kikuu. Nikasema, Mwalimu Aliro ndiye aliyeipiga.

Yeye aliivuta aproni ikamfunika vizuri zaidi. 

Kufika jioni mji mzima ulikuwa umekwisha kuitengeneza hadithi, na ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kwamba yule mtaalamu wa mawimbi alilisikia la kwanza, akajua, akaliacha darasa lake mwenyewe ili aiokoe shule nzima. Wakatia na machozi. Mlango? Upepo uliupiga. Watu walimshika mkono barabarani. Duka la mikate likawa linamwekea mkate wa moto kila asubuhi. Kidato cha tatu B hawakuulizwa na mtu, na wao hawakusema, watoto ishirini na sita, hata kwa mama zao. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Yasna alikuwa anakuja jikoni kunywa maziwa, mkono umefungwa bandeji. Siku moja akaniambia bila mimi kumwuliza, akiniita shangazi kama watoto wote wa shule wanavyoniita.

“Shangazi, alitutazama kabla hajatoka. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Ilipofika tatu akatoka. Tulidhani anarudi.”

Nikamwuliza wao walifanya nini.

“Tukaendelea kuhesabu. Si ndivyo alivyotufundisha? Kumi na moja.”

Nikamwuliza kwa nini hawajasema. Akaangalia kikombe. Akasema wanamwonea aibu, hawawezi hata kumtazama akiwa ubaoni, na tena wakisema atakwenda wapi, hapa kila mtu anamjua. Mtoto wa miaka kumi na sita. Nami mtu mzima na mvi zangu nilisimama pale nikijifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu.

Watu wa kwingine wakiona haya husema ardhi ipasuke iwameze. Sisi huku hatusemi hivyo, maana inaweza kusikia. Lakini majira yale ya baridi niliwaza hivyo mara nyingi. Aliro aliacha kuja kula jikoni. Alikula mkate wake akiwa amesimama uani, mvua inamnyeshea, mbali na ile nguzo. Vitetemeko vilivyofuata, na vilikuwa vingi, hakuinua tena kidole. Watu wakamwuliza, mwalimu, hili liko mbali? Akawa anajibu hajui.

Septemba, Doña Edelmira akatangaza kwamba Siku ya Walimu, mwezi wa kumi, Aliro atatundikiwa kibao cha shaba kwenye nguzo ya kengele, chenye jina lake na neno la shukrani la mji. Meya atakuja. Siku hiyohiyo Aliro akaingia jikoni kwangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuacha mlango wazi.

“Mama Ninfa, kwa nini ulisema vile?”

“Nilikuonea huruma.”

“Ungeniacha,” akasema. “Siku ile ningeaibika mara moja, yakaisha. Sasa naaibika kila asubuhi, na mkate wa moto mkononi.”

Nikamkaripia, na ninajuta. Nikamwambia jikaze, kipokee hicho kibao, sema asante, kaa chini, watu watasahau. Kwani nani amekufa? Nikamwambia akifungua mdomo hatajiaibisha peke yake. Hapo ndipo nilipojisikia mwenyewe. Kumbe nilichokuwa nakilinda muda wote ni uso wangu. Naye alinielewa, maana alinitazama bila hasira, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea hesabu nyepesi. Akasema asante kwa viwiko vya koti. Akatoka.

Siku ikafika. Uani kumejaa wazazi, kuna manyunyu, vijana wamecheza cueca, ngoma yetu ya wawili wawili, na vitambaa vyao, meya ana koti jipya. Nimekaanga sopaipilla, yale maandazi bapa ya malenge, sinia tatu, zimefunikwa kitambaa zisipoe. Kibao kipo kwenye nguzo, nacho kimefunikwa. Wakamwita Aliro kwa makofi marefu. Alikuwa amenyoa, amejikata kidevuni.

Hakwenda kwenye kipaza sauti. Aliita kidato cha tatu B waje mbele. Wakaja, wanatazama viatu. Akawaomba wapange mstari bega kwa bega kama mwezi wa tatu. Watu wakatabasamu, wakadhani ni somo la kuwafurahisha wageni. Akamsukuma wa kwanza kidogo begani, na msukumo ukatembea, mtoto kwa mtoto, mpaka kwa Yasna aliyekuwa wa mwisho.

“Hili hufika kwanza,” akasema. “Halivunji kitu. Linakwambia tu kwamba la pili liko njiani. Kabla la pili halijafika, hesabuni.”

 Mvua inagonga bati. Nilimwomba Mungu wasihesabu, nakiri. Halafu nikamsikia Yasna, sauti ndogo, anasema moja. Akasema mbili. Kwenye tatu wenzake wakaingia, na wakaendelea wote pamoja, bila haraka, nne, tano, sita. Hujui sekunde kumi na moja zilivyo ndefu mpaka umezisimamia mbele ya watu unaowajua wote. Unaweza kuvuka uani. Unaweza kufungua mlango, ukaufunga, ukaufungua tena. Walipofika kumi na moja wakanyamaza.

“Zilikuwa hizo,” Aliro akasema. “Mimi nilijua, wao hawakujua. Mlango ulikuwa hatua nne. Neno lenyewe ni moja, tokeni. Sikulisema. Nilitoka mwenyewe nikaufunga mlango. Kengele sikuipiga, ilipigwa na ardhi. Yasna, mkono wako ni mimi.”

Basi. Hakulia, hakupiga magoti. Alisimama tu, mikono imening'inia, masikio mekundu, mbele ya watu mia nne, na hakuna aliyejua apeleke macho wapi. Meya alikuwa anasoma karatasi yake upya kana kwamba jibu liko humo. Waldo wa redio aligeuka taratibu akanitafuta kwa macho, na watu waliokuwa karibu nami nao wakageuka. Ningeweza kutulia. Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani hata waliokuwa getini waliisikia, kwamba mimi ndiye niliyesema ameipiga, na nilikuwa nimeiona kamba. Uso ulikuwa unawaka kama nimeinamia tanuri. Doña Edelmira akasema shughuli imekwisha, asanteni kwa kuja. Watu wakaondoka bila kuonja kitu, na nikabaki na sinia zangu tatu za sopaipilla.

Wazazi wawili walitaka afukuzwe. Mmoja ni baba yake Yasna, na sikumlaumu. Doña Edelmira aliandika barua ya kuomba mwalimu mwingine, akangoja, lakini mwalimu wa fizikia wa kuja kukaa kwenye baridi hii hakupatikana, na Yasna mwenyewe alimwambia baba yake amwache mwalimu amalize mwaka. Kwa hiyo alibaki. Mkate wa moto ulikoma. Salamu barabarani zikawa za kichwa tu, na za wengine hazikuwa hata za kichwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi, limo kwenye faili langu, na ni haki.

Jumatatu iliyofuata tulikuta darasa la tatu B halina mlango. Aliung'oa mwenyewe na bawaba zake, akauegemeza ukutani nje. Na meza yake, iliyokuwa mbele karibu na kutokea, alikuwa ameivuta mpaka kona ya mwisho kabisa, chini ya dirisha lenye nondo. Wanafunzi walipoingia hakuwaeleza kitu. Wakatazama, wakageuza viti vyao. Tangu siku hiyo anafundisha akiwa kule nyuma, na kati yake na njia ya kutokea wamekaa watoto wote. Julai iliyofuata, katikati ya baridi yetu, theluji ilipoingia nilijitolea kutundika hata blanketi. Akasema hapana, asante, na watoto hawakulalamika. Wanakaa na makoti.

Sasa nikwambie kinachofanyika, maana Yasna na wenzake wamekwisha kumaliza shule na waliopo leo hawakuwepo siku ile. Kila ardhi inapogonga, hata kidogo namna gani, hata kile kitetemeko ambacho paka hakifungulii jicho, nasikia sauti yake inasema tokeni. Wanatoka kwa mstari. Madarasa mengine hayanyanyui hata vichwa, ila baadaye wanajazana madirishani na kucheka, haya, kidato cha tatu B wamekimbia tena, mwalimu wao anaogopa upepo. Walimu wenzake wanacheka. Mtu mzima wa Quilmahue anayetoka nje kwa kitetemeko cha ukubwa wa tatu na nusu, mbele ya watu, mara mbili kwa wiki. Watoto wenyewe wanaona haya, wanavuta kofia machoni. Yeye anaona haya kuliko wote, masikio yanamsaliti, wala hajawahi kuzoea.

Mimi nahesabu kutoka dirishani. Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne, idadi ya mwaka huu. Halafu kizingiti kinabaki kitupu kidogo, na ndipo anatoka yeye, wa mwisho, na koti lake la kijivu. Nami nazima gesi, nafungua mlango, natoka na mwiko wangu, nasimama pamoja na kidato cha tatu B kwenye manyunyu mpaka aseme turudi ndani.